Nilivyoandikisha Chumba cha Futi Kumi kuwa Hoteli Kubwa

Mimi nimepika ugali wa shule zaidi ya miaka thelathini, na kitu kimoja ambacho sikuwahi kujifunza ni kupikia watu wawili. Shule yenyewe iko upande wa Kombewa, ni ya bweni, wavulana kama mia nne, na wavulana mia nne hula kama ng'ombe mia nane. Mwiko wangu ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe. Nilikuwa napanda juu ya matofali ndipo nisonge, jasho likidondoka ndani. Hilo la jasho tuliache. Walikula, walikua, wengine leo ni madaktari.

Nilipostaafu walinipa mkono, soda, na sufuria moja kubwa ya kazi ambayo mtoto wa darasa la nne angeweza kuogea ndani. Nikarudi kwangu Kisumu, si mbali na Kondele. Jumapili ya kwanza mke wangu alikuwa kanisani, nikasema leo nimpikie mama wa watu. Nikapika. Ugali ule tuliula siku tatu. Kuku wakala, jirani akala, mbwa wa jirani akaja, akaunusa, akarudi kwao. Mke wangu akaniambia, "Baba, mimi ni mmoja. Niangalie vizuri. Mmoja."

Tangu siku hiyo akanifukuza jikoni. Na alikuwa na haki, kwa sababu kwetu mwanamume anayefunuafunua sufuria za mke wake ni aibu ya kusimuliwa. Kule shule ilikuwa kazi. Nyumbani ni uchokozi.

Basi nikakaa nje kwenye kiti. Watu hudhani kukaa ni kupumzika. Ikifika saa nne asubuhi mikono inaanza kutafuta mwiko yenyewe. Ikifika saa saba, saa ya kengele ya chakula, moyo unapiga kama kuna mtu anakuita. Nilikonda. Mke wangu alidhani ni malaria. Mimi nilijua ni nini: nisipopata watu wa kulisha nitakufa, tena si kwa njaa yangu, kwa njaa ya wengine.

Ndipo nikaamua kufungua hoteli. Hoteli yetu ya huku, sio ile ya mazulia. Ugali, samaki, sukuma, chai asubuhi. Chumba nilikipata Kondele, nyuma kidogo ya steji ya boda boda, kati ya duka la magodoro na fundi cherehani. Mwenye chumba ni mama mmoja aliyetoka upande wa Mlima, ameuza nguo Kisumu hii miaka mingi mpaka anaongea Dholuo, lugha yetu, kuliko watoto wangu walioko Nairobi. Ni mama mzuri, lakini maneno yake hayana mafuta.

"Mzee," akaniambia, "mimi sina maneno mingi. Nataka kuona leseni kwa ukuta. Mwezi ikiisha na ukuta iko hivi wazi, hii chumba naipea mtu wa saluni. Huyo ameniomba mara tatu."

Sababu anayo. Kabla yangu alikuwako mtu wa chipsi ambaye hakuwa na leseni. Siku moja wakaja wenye kazi yao, wakafunga mlango kwa kufuli. Mtu wa chipsi akaenda zake na kufuli ikabaki, na viazi vikabaki ndani. Viazi vikaota mpaka vikatokea chini ya mlango. Mama alisema hatarudia kupangisha shamba.

Shemeji yangu, dada ya mke wangu, ana hoteli Awasi, pale barabara ya Kericho. Nikampigia simu aniambie njia. Akaniambia, "Shemeji, karatasi zenyewe si ngumu. Kwanza cheti cha afya, halafu unajaza fomu kwa kompyuta, wanakuja kuangalia, wanakupa. Kitu moja tu: wakikuuliza, ongea kidogo." Nikamshukuru. Mtu anaweza kukushukuru sana na asikusikie.

Cheti cha afya ni kwa sababu mpishi asije akawapa watu kipindupindu pamoja na mchuzi. Jambo zuri. Lakini walinipa kikopo kidogo kama cha dawa ya macho, kina kijiko ndani ya kifuniko, wakasema nilete choo kesho asubuhi kabla ya saa tatu. Sasa mtu wa umri wangu, na jambo hilo linakuja likitaka lenyewe, anaambiwa alete kwa saa! Nilikula mapapai mawili usiku nikaomba Mungu. Asubuhi nikafika nikiwa wa kwanza kwenye foleni, kikopo nimekifunga kwa gazeti, nikaweka gazeti ndani ya mfuko wa zawadi wenye maua. Yule daktari wa maabara akauliza, "Mzee, umeniletea keki?" Nikamwambia afungue polepole. Nilipita. Sina kitu tumboni isipokuwa njaa.

Kwa hiyo wiki ya tatu ya mwezi ikiisha nilikuwa nimefika kwa fomu, na hapo ndipo niliharibu.

Lazima nieleze jambo moja, maana msomaji wa mbali anaweza kunidhania mwongo. Sisi watu wa ziwa tuna desturi inaitwa pakruok. Pakiwa na muziki, mtu anasimama, anasimamisha gitaa, anatoa kitu kidogo kwa mpigaji, halafu anajitaja. Mimi ndiye fulani, mkwe wa fulani, ng'ombe zangu zikinywa maji mto unakauka. Kila mtu pale anajua huna hata mbuzi. Hakuna anayekuuliza risiti. Wanashangilia, muziki unaendelea, na wewe unakaa chini ukiwa mtu. Sasa chukua mzee aliyelelewa hivyo, ambaye shule aliachia darasa la tatu, umkalishe mbele ya mashine, na mashine imuulize: wewe ni nani, na biashara yako ni kubwa kiasi gani?

Mashine yenyewe ilikuwa ya mama mmoja mwenye saiba, duka la kompyuta, mtu wa miwani, mpole, anayeandika chochote unachosema. Nyuma yangu kulikuwa na watu wanne wanangoja zamu. Hao wanne ndio walioniponza.

"Baba, biashara ni ya ukubwa gani? Kuna ndogo, ya katikati, na kubwa."

Nikageuka kidogo. Wale wanne walikuwa wananisikiliza. "Mama," nikasema, "unaniona mimi ni mtu mdogo?"

"Hapana, Baba."

"Basi andika unachoona."

Akaandika kubwa. "Wateja wanaotosha kwa wakati mmoja?"

"Mimi nimelisha mia nne, na hakuna aliyelala njaa."

Mmoja nyuma yangu akapiga kofi. "Jaduong'!" akasema, na neno hilo la heshima likaniingia kama chai ya tangawizi. Mama akaandika mia nne.

"Wafanyakazi ni wangapi?"

Nikahesabu. Mimi, mke wangu, shemeji wa Awasi ambaye angekuja sikukuu, mzee wa mkokoteni wa maji, yule mwanamke atakayeniletea samaki kutoka ufuoni, mume wake anayevua, ndugu zake wawili walio ndani ya mtumbwi, na jamaa wengine ambao nilijua tu nikifungua watakuja. Nilipofika kumi na wawili nikaona ni kama mitume, nikaacha hapo.

"Omera," yule wa nyuma akauliza, yaani ndugu yangu, "hiyo hoteli ni ya kulala pia?"

"Mambo ya vyumba tutaona," nikasema.

"Niweke na malazi, Baba?" akauliza mama.

"Weka," nikasema. "Yangoje."

Nilitoka pale nikitembea kama nina fimbo ya dhahabu.

Kesho yake ujumbe ukaingia kwenye simu. Niliona tarakimu zimepangana nikadhani ni namba ya mtu nimpigie. Nikapiga. Haikuita. Nikampa fundi cherehani anisomee. Fundi ni mwanamke wa makamo, ana pini mdomoni siku nzima. Akasoma, akatoa pini zote mdomoni, moja moja, akaziweka mezani.

"Jaduong', hii si namba ya simu. Hii ndiyo pesa unatakiwa kulipa leseni."

Na chini yake kulikuwa na mahitaji. Mitungi minne ya kuzima moto. Vyoo vya wanaume mbali na vya wanawake. Mahali pa kuegesha magari. Mlango wa dharura. Chumba changu kina mlango mmoja, na ukuta wa nyuma ndio ukuta wa fundi. Moto ukitokea tungetokea juu ya cherehani yake.

Zilikuwa zimebaki siku nane mwezi uishe.

Siku mbili sikumwambia mke wangu. Nilikuwa nikienda kule chumbani, nakaa ndani na ile sufuria yangu ya shule ambayo nilikuwa nimeshaileta, napanga meza tatu na viti sita, napangua, napanga tena. Mama mwenye chumba akapita.

"Mzee, karatasi?"

"Inakuja, Mama."

"Inakuja na miguu ama na gari? Mwezi hainingoji."

Nyuma yake alikuwako yule mtu wa saluni, kijana mzima na ndevu zake, mstaarabu, amenisalimia kwa mikono miwili. Lakini macho yake yalikuwa yanapima ukuta wangu mahali pa kuweka kioo. Mtu akipima ukuta wako ukiwa bado uko ndani, unajua marehemu husikia nini.

Nikaenda ofisini. Kwenye dirisha alikuwako afisa, binti wa rika la kitinda mimba wangu, nywele amezifunga vizuri. Akafungua mashine, akasoma, akaniangalia, akasoma tena.

"Jaduong', hii hoteli ya watu mia nne na vyumba vya kulala, iko Kondele?"

"Ndiyo, binti yangu."

"Mimi napita Kondele kila siku asubuhi na jioni. Imejificha wapi?"

"Haijajificha," nikasema. "Imejikunja."

"Ina ghorofa?"

"Ina paa."

Akafunga mdomo kwa mkono. Mwenzake wa dirisha la pili akainama chini ya meza kama ameangusha kalamu, na hakuinuka haraka. Lakini yule binti alikuwa mtu wa kazi. Akaniambia hawezi kubadilisha kwa maneno ya mdomo, kwa sababu mdomo ndio ulileta haya. Nilete barua, niseme yale ya kwanza hayakuwa kweli, nieleze ukubwa wa haki, niweke sahihi. Halafu yeye atakuja na futi yake kupima. Kama barua na chumba vinakubaliana, leseni itatoka siku hiyo hiyo.

"Andika tu kwamba ni ndogo, Baba. Ndogo si dhambi."

Nilikaa na daftari jioni yote. Nikaandika, *Hoteli yangu si kubwa sana, lakini.* Nikakata. Nikaandika, *Ni chumba kimoja, lakini mpishi wake.* Nikakata. Kila sentensi niliyoianza ndogo ilifika katikati ikavimba. Mke wangu akaja na taa, akachukua daftari, akasoma yaliyokatwa na yasiyokatwa, kisha akasoma ule ujumbe kwenye simu. Nilingoja kelele. Yeye akaingia ndani, nikamsikia anatafuta mkoba wake wa kanisani.

"Kesho asubuhi," akasema, "tunaenda wote kwa huyo mama wa saiba. Wewe utakaa. Mimi ndiye nitaongea."

Nimeoana na mwanamke huyu miaka arobaini na zaidi, na sijawahi kumwona akifurahia kazi kama alivyofurahia ile. Alikaa mbele ya mashine, akaweka mkoba magotini, akakohoa.

"Andika: hoteli ni chumba kimoja. Futi kumi kwa tisa."

"Kumi kwa kumi," nikasema.

"Tisa. Hiyo kumi yako ni mlango ukiwa wazi. Andika: wateja ni sita, wakiwa wembamba."

Mama wa saiba akainua miwani. "Niandike wembamba?"

"Andika. Wafanyakazi ni wawili. Mmoja ni mimi. Yule mwingine ni huyu."

"Na wale kumi?"

"Hao walikuja kula. Mitume kumi na wawili, na hakuna hata mmoja ambaye ni Yuda, wote ni midomo. Kwa malazi andika: mpishi analala kwake, na akiendelea hivi hata huko hatalala."

Watu wa foleni walikuwa wameacha kujifanya hawasikii. Siku hiyo walikuwa saba.

"Andika: mpishi amekaribia miaka sabini, goti la kushoto linamuuma, hajui kipimo, na kipindi chake chote cha ndoa hajawahi kukubali kwamba kitu chake ni kidogo."

"Mama, hiyo ya goti inahitajika?"

"Serikali ijue yote."

Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Sakafu ya saiba ile ni ya simenti, ina ufa mmoja unaofanana na mto. Kisha mke wangu akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Andika pia kwamba ugali wake hauna madonge. Hata siku moja haujawahi kuwa na madonge. Hiyo aliyojaza vibaya ni fomu tu."

Mama wa saiba akaandika na hakuuliza kama inahitajika.

Nikaweka sahihi. Sahihi ikatoka kubwa kuliko barua. Hata hapo sikujua kujipunguza.

Afisa akaja siku mbili kabla ya mwezi kuisha. Kondele ukitoa futi ya kupimia mchana, watu wanajua kuna kesi au kuna bomoabomoa, na yote mawili ni ya kutazamwa. Watu wa boda boda wakaacha pikipiki. Fundi akatoka na pini zake. Mama mwenye chumba akasimama mlangoni, na mtu wa saluni kando yake, amevaa shati safi kama mtu anayekuja kuchukua bibi harusi.

Binti akavuta futi. "Kumi!" akasema.

"Kumi!" wakaitikia watu wa boda, wakiwapelekea wale wa nyuma.

Akavuta upande wa pili. "Tisa na nusu!"

Nikamwangalia mke wangu. Ile nusu ilikuwa yangu.

Akahesabu viti, sita. Akaangalia mahali pa kunawia, akaangalia ndoo yenye kifuniko, koti langu jeupe, cheti changu cha afya, mtungi mmoja wa kuzima moto niliokuwa nimenunua, na choo cha nyuma ambacho tunatumia pamoja na watu wa magodoro. Alikuwa anaweka alama kila mahali na mimi nilianza kupumua. Kisha akafika kwenye pembe.

"Na hii?"

Ilikuwa sufuria. Imekaa pale kama mgeni asiyetaka kuaga.

"Barua inasema watu sita," akasema binti. "Sufuria inasema wangapi?"

Halafu mtu wa boda mmoja, mshenzi, akapaza sauti: "Jaduong', jitaje! Sema sufuria ni ya nani!" Na mwingine akaanza kupiga gitaa kwa mdomo. Jamani. Umati upo, muziki upo, na kila jicho liko kwangu. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni tayari: mimi ndiye mlisha mia nne, mwiko wangu ukisimama njaa inahama kata. Nikaona uso wa mtu wa saluni. Nikaona kalamu ya binti imesimama juu ya karatasi. Mke wangu hakunifinya wala hakuniangalia. Aliangalia nje, barabarani, kama mtu ambaye ameshasema yake.

"Hiyo ni ya kazi yangu ya zamani," nikasema. "Hapa haipikiwi. Hapa ni padogo."

"Sikusikia, Baba," akasema binti, na sijui mpaka leo kama kweli hakusikia.

"Hapa ni padogo!" nikapiga kelele. Watu wa boda wakaitikia, "Padogo!" mpaka huko kwa wauza mitumba.

"Basi itoke," akasema. "Inakula nafasi ya kupita watu."

Nikaiinua, nikaigeuza, nikaivaa kichwani kama kofia, na kwa sababu ilinifika mabegani sikuona njia. Mke wangu akanishika mkono akanivusha barabara. Waliotuona siku hiyo wananisalimia hadi leo kwa kugonga kitu chochote cha bati kilicho karibu.

Nikalipa ada ya hoteli ndogo, na leseni ikatoka jioni hiyo hiyo. Mama wa saiba akaichapisha, nikaibandika ukutani kwa ute wa ugali, maana gundi ya duka sikuwa nayo na ugali wangu unashika. Mama mwenye chumba akaja, akaisoma kwa kidole, neno moja moja. Akafika mahali palipoandikwa sita. Akageuka akahesabu viti. Akasema, "Haya," akaondoka. Mtu wa saluni akabaki mlangoni amekunja mikono. Nikamwambia, "Kijana wangu, umekula?" Hakuwa amekula. Alikuwa ndiye mteja wa kwanza, samaki mmoja wa ngege na ugali, na akaomba wa kuongeza.

Siku ya tatu, saa saba mchana, viti vyote sita vilikuwa na watu, na si wote wembamba. Wengine wanane walikuwa wamesimama nje juani, kwa sababu wa saba nimekatazwa na karatasi. Waliokuwa wakipita wakaona foleni, wakaingia foleni kabla hawajauliza ni ya nini. Mimi niko ndani na kisufuria cha kilo mbili, nasonga, naepua, nasonga tena, goti linauma, koti limelowa. Mke wangu anapokea sahani. Mtu mmoja mnene akaingiza kichwa mlangoni, akaangalia huku na huku.

"Mzee, hoteli yenyewe ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu," nikasema, na sikugeuka, ugali ulikuwa unaanza kushika. "Ni kadogo, omera. Simama hapo, ungoje."